Ihoji Mashine Kabla ya Kuifuta: Mhadhara kuhusu Kompyuta za Nyumbani na Mifumo Huria



Mada yetu ni kompyuta ya nyumbani inapoharibika, hasa ile inayoendeshwa na mfumo huria, yaani mfumo ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Ubuntu, Debian, Linux Mint na Fedora, yote ikiwa imejengwa juu ya Linux, ni miongoni mwa mifumo hiyo. Wengi wanaoipigia debe hutaja sababu moja tu, kwamba haiuzwi. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini ni nyepesi, na katika nchi ambayo Windows isiyo na leseni hukaa kwenye flashi ya karibu kila fundi, haimshawishi mtu. Hoja ninayoitetea ni nyingine. Thamani kubwa ya mfumo huria ni kwamba unahojika. Mashine ikiharibika, unaweza kuiuliza imepatwa na nini, ikakujibu kwa maandishi, na jibu hilo ukalipima kwa jaribio. Nasema kwamba kwa mji kama huu wetu wa Malampaka, mkoani Simiyu, uwezo huo wa kuhoji ni bora kuliko urahisi wowote ambao mtumiaji anaupata siku ya kwanza.

Nianze na mahali, maana tatizo la kompyuta hubadilika kulingana na pale ilipo. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia hapa, na njia ya kipande cha reli ya SGR kati ya Mwanza na Isaka, chenye urefu wa kilomita 341, inapita katika wilaya yetu ya Maswa. Kwa hiyo bidhaa hutufikia. Kinachochelewa kutufikia ni huduma inayotakiwa baada ya bidhaa. Kompyuta nyingi zinazoingia majumbani ni mitumba: Dell, HP na Lenovo zilizomaliza utumishi wake katika ofisi za ng'ambo, zikapita Dubai au Kariakoo, ndipo zikaja kwetu zikiwa hazina dhamana wala karatasi. Hapa zinakuta umeme ambao kwa kanuni ni volti 230 lakini jioni hupanda na kushuka, zinakuta radi za msimu wa mvua, na wakati wa kiangazi zinakuta vumbi linaloziba feni. Mashine ya namna hiyo itaharibika. Swali ni nani ataijua, na kwa njia gani, bila kusubiri karakana ya mtengenezaji iliyo mbali.

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0 pamoja na prosesa ambazo, kwa upande wa Intel, nyingi ni za kuanzia mwaka 2018 hivi. Kwa masharti hayo, sehemu kubwa ya mitumba iliyoko majumbani imewekwa nje ya mlango ingali nzima. Mwenye mashine hiyo ana njia tatu: aendelee na mfumo usiozibiwa tena mianya, aufanyie ujanja mfumo mpya usioitambua mashine yake, au ahamie mfumo huria. Wengi watafika kwenye njia ya tatu kwa kusukumwa. Ningependa tufike kwa kuelewa, ili kompyuta ikigoma siku ya kwanza tusikimbilie kusema kwamba Linux ndiyo mbaya.

Dawa iliyozoeleka kwa kila ugonjwa wa kompyuta, kuanzia Mwanza hadi Mbagala, ni kupiga Windows upya. Mashine ni nzito, piga Windows. Haina sauti, piga Windows. Inazimika yenyewe, piga Windows. Tatizo la dawa hii ni kwamba inafuta ushahidi pamoja na kosa. Ikiwa chanzo kilikuwa kijiti cha kumbukumbu kinachokufa, mashine itaonekana nzima kwa wiki moja kisha itarudi kwa fundi, na mteja atalipa mara ya pili. Ikiwa chanzo kilikuwa diski inayooza, kuandika mfumo mzima upya juu yake ni kuikimbiza wakati inapohitaji kupumzishwa ili iokolewe. Na ikiwa chanzo kilikuwa mpangilio mmoja tu uliobadilishwa, basi picha za harusi, hesabu za duka na maandalio ya somo vimehatarishwa kwa ajili ya kitu ambacho mstari mmoja ungekimaliza. Zaidi ya hayo, hakuna aliyejifunza lolote. Fundi aliyepiga Windows mara mia anajua kupiga Windows. Hajui mashine hizo mia ziliumwa nini.

Tabia ya kutaka kujua chanzo ndiyo iliyozaa programu huria zenyewe. Karibu na mwaka 1980, katika maabara ya chuo cha MIT huko Marekani, Richard Stallman alikuwa akisumbuliwa na printa ya leza ya Xerox iliyokwamisha karatasi. Printa iliyotangulia alikuwa ameirekebishia programu ili iwaarifu watumiaji pale karatasi inapokwama. Hii mpya ilikuja bila msimbo wake, na mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao alikataa kumpa kwa sababu alikuwa ameahidi kuutunza kuwa siri. Mwezi Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki nchini Finland, akatoa kiini cha mfumo kinachoitwa Linux. Kiini hichohicho ndicho kilicho ndani ya kila simu ya Android iliyomo mifukoni mwetu. Kwa hiyo Linux si mgeni Malampaka. Tumeishi naye miaka mingi bila kumuuliza jina. Na mwanzo wa harakati nzima ulikuwa hitilafu ya kawaida ya kifaa, ambayo mtu mwenye ujuzi alizuiwa kuichunguza.

Ili hoja isibaki hewani, tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Kompyuta inawaka vizuri, imeunganishwa kwenye mtandao, lakini kila tovuti inakataa kufunguka na kivinjari kinaonya kwamba muunganisho si salama. Mwenye nyumba anaulaumu mtandao, anaongeza bando, hali inabaki ileile. Anaambiwa ana virusi. Kwenye Debian au Ubuntu, akijaribu kusasisha mfumo kwa amri ya apt, ujumbe unamwambia kwamba orodha ya programu bado haijaanza kuwa halali, na hata unataja muda uliobaki kabla haijawa halali. Huo ni ushahidi mzito. Kitu kilichotengenezwa jana hakiwezi kuwa cha kesho isipokuwa saa ya anayekitazama iko nyuma. Amri ya date inathibitisha: mashine inaamini tuko miaka kadhaa iliyopita. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, kwa hiyo kwa macho ya kompyuta hiyo vyeti vyote vya leo havijazaliwa. Chanzo ni betri ndogo ya duara, aina ya CR2032 yenye volti 3, inayotunza saa mashine inapozimwa. Imekwisha. Dalili ilijitokeza kwenye kivinjari, ugonjwa ulikuwa kwenye ubao mama, na tiba ni betri ndogo ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kupiga mfumo upya.

Mfano huo una pacha wake, na pacha huyo anaonyesha kwa nini ushahidi unatakiwa kusomwa kwa makini. Mtu ameweka Windows na Linux kwenye kompyuta moja, na kila akitoka mfumo mmoja kwenda mwingine saa inakosea. Akisikia habari ya betri atakimbilia kununua betri. Lakini atazame kosa ni la kiasi gani: ni saa tatu kamili. Betri iliyokufa hukosea ovyo, hairudi kila mara kwenye saa tatu. Sisi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, na kwa kawaida Windows husoma saa ya ubao mama kama saa ya hapa, ilhali Linux huisoma kama saa ya kimataifa. Mifumo miwili inagombania kifaa kimoja. Tiba ni kuilazimisha ikubaliane, kwa amri ya timedatectl upande wa Linux au kwa mpangilio upande wa Windows. Dalili mbili zinazofanana, saa mbovu na saa mbovu, zina vyanzo viwili tofauti kabisa, na kinachozitenganisha ni tarakimu moja ambayo anayepiga Windows hataitazama kamwe.

Kutokana na mifano hiyo twaweza kutoa kanuni. Kanuni ya kwanza ni kugawa njia katikati. Treni ya mizigo ikiondoka Tabora isifike Mwanza, hakuna anayeng'oa reli yote kuitafuta. Mtu anauliza Shinyanga kama imepita. Ikiwa imepita, nusu nzima ya njia imetoka kwenye mashaka. Anauliza Malampaka, kisha Malya, mpaka treni inabaki kati ya vituo viwili. Kwenye kompyuta, swali la Shinyanga huulizwa kwa flashi ya kuanzishia. Mifumo huria mingi inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya ndani. Iwapo sauti, Wi-Fi au kioo kilichogoma kinafanya kazi mashine inapowaka kwa flashi, vifaa ni vizima na kosa liko kwenye mfumo uliosakinishwa au kwenye diski. Iwapo kosa linabaki vilevile, shaka inahamia kwenye vifaa, ingawa inawezekana pia kwamba mfumo wa kwenye flashi hauna programu ya kukiendesha kifaa hicho. Jaribio moja la dakika chache limekata mashaka karibu nusu bila kufuta faili hata moja. Tahadhari ni mbili tu: faili la mfumo lihakikiwe kwa amri ya sha256sum baada ya kupakuliwa, na flashi yenyewe ipimwe, maana sokoni kuna flashi zinazojitangaza kuwa na ujazo zisio nao, na programu ya f3 huzifichua.

Kanuni ya pili ni kuangalia kama kosa linakaa au linahama. Kosa linalorudi mahali palepale, kwa programu ileile, baada ya kitendo kilekile, kwa kawaida ni la programu au mpangilio. Kosa linalohama, leo kivinjari kimeanguka, kesho kompyuta imeganda katikati ya kuandika barua, keshokutwa imezimika wakati wa kutazama video, huelekeza kwenye kumbukumbu, umeme au joto. Memtest86+, programu huria ya kupima kumbukumbu, ikiachwa usiku kucha itaonyesha kama kijiti kinakosea. Kabla ya kukitupa, kitolewe, miguu yake isuguliwe taratibu kwa kifutio cha penseli, kirudishwe. Kama kuna vijiti viwili, kipimwe kimoja kimoja. Amri ya sensors inasoma joto la prosesa, na kompyuta inayozimika kila inapofika joto la juu inaomba kufunguliwa, kupulizwa vumbi na kupakwa upya dawa ya kupitishia joto. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayohitaji mtandao, na nyingi zinahitaji bisibisi na subira tu.

Diski inastahili kusemwa peke yake kwa kuwa ndiyo inayobeba visivyonunulika. Diski nyingi za kisasa hujiwekea kumbukumbu za afya zake, na amri ya smartctl huzisoma. Mstari wa sekta zilizohamishwa na ule wa sekta zinazosubiri ukianza kupanda, diski inakufa, na kazi ya kwanza ni kunakili data, ikiwezekana kwa ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka na kuziacha mbovu kwa baadaye. Lakini upo mstari mwingine unaohesabu makosa ya CRC, yaani data iliyoharibika njiani kati ya diski na ubao mama. Huo ukipanda ilhali sekta ni safi, wa kushukiwa kwanza ni waya au soketi yake. Mtu asiyesoma mstari huo atanunua diski nzima kwa kosa la waya. Kadhalika kuna hali inayowachanganya wengi baada ya umeme kukatika ghafla: faili zinafunguka lakini hazihifadhiki. Inadhaniwa ni virusi. Mara nyingi mfumo wa faili wa ext4, ukikutana na kosa, hugeuza diski kuwa ya kusoma tu ili uharibifu usisambae. Mashine inajilinda. Nakili data, washa mashine kwa flashi, kisha ukague kwa fsck diski ikiwa haitumiki. Na kabla ya yote hayo, amri ya df itazamwe, kwani diski iliyojaa pomoni inaweza kuzuia hata kuingia, ikamrudisha mtumiaji kwenye sehemu ya nywila kila anapoiandika sahihi.

Mtandao nao hufuata ngazi zilezile. Je, kadi inaonekana kwa lspci au lsusb? Je, imezimwa kwa kitufe, jambo ambalo rfkill hulitaja? Je, mashine imepewa anwani? Je, inafikia ruta au simu inayogawa mtandao? Je, inafikia namba ya mbali kama 8.8.8.8? Je, inafikia jina la tovuti? Anayefika namba asifike jina ana tatizo la kutafsiri majina, na hahitaji bando jipya. Anayeifikia simu asifike namba ya mbali aangalie salio la bando kabla ya kuigusa kompyuta. Na jibu la mashine kwa maswali ya jana halipotei: kwenye mifumo mingi ya sasa, amri ya journalctl, ikiombwa kumbukumbu za uwashaji uliopita, huonyesha kilichoandikwa kabla mashine haijaanguka.

Sasa nije kwenye pingamizi, maana hoja isiyojibu pingamizi haijakomaa. La kwanza ni kwamba mifumo huria ina magonjwa yake: Wi-Fi zisizotambuliwa, printa zisizochapa, kadi za picha zinazosumbua. Ni kweli, na anayekanusha hajawahi kuhudumia mteja. Kadi nyingi za Wi-Fi haziwezi kufanya kazi bila programu ndogo ya mtengenezaji, na kwa miaka mingi Debian iliiacha nje ya kisakinishi chake kwa kuwa si huria, hivyo mtu alihitaji mtandao ili apakue kitu cha kumpa mtandao. Wanachama wa Debian walipiga kura mwaka 2022, na toleo la 12 la mwezi Juni 2023 likaanza kuja na programu hizo ndani. Tatizo limepungua, halijaisha. Vilevile mifumo huria nayo huziacha mashine kuukuu: Debian 13 ya mwaka 2025 haitoi tena kisakinishi kwa prosesa za biti 32. Jibu langu kwa mwenye kununua ni kwamba aende dukani na flashi ya kuanzishia, aiwashe kompyuta ya mtumba papo hapo, ajaribu Wi-Fi, sauti, kamera na kioo kabla ya kutoa fedha. Mfumo unaojaribika kabla ya kununua umegeuza udhaifu wake kuwa kipimo.

Pingamizi la pili linasema kwamba uwazi wa msimbo ni ngonjera tu, kwani wangapi Simiyu nzima wataufungua na kuusoma? Wachache sana, nakubali. Tena historia inaonyesha kwamba uwazi peke yake haulindi. Kosa la Heartbleed liliingia kwenye maktaba ya OpenSSL mwaka 2012 na halikugunduliwa hadi 2014, mbele ya macho ya dunia nzima. Lakini linganisha na tukio la tarehe 29 Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa programu, aliona kwamba kuingia kwenye mashine ya mbali kumechelewa kwa takribani nusu sekunde. Hakuipiga mashine upya. Alipima, akafuata ucheleweshaji hatua kwa hatua hadi kwenye maktaba ya kubania faili iitwayo xz, na humo akakuta mlango wa siri uliowekwa na mtu aliyejenga uaminifu ndani ya mradi kwa zaidi ya miaka miwili. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yaliondolewa kabla hayajaingia kwenye matoleo thabiti ya mifumo mikubwa. Fundisho lililo wazi ni kwamba uwazi unafaa pale anapotokea mtu mwenye tabia ya kuuliza kwa nini. Mifumo huria inatoa nafasi. Tabia tunatakiwa kuijenga wenyewe.

Pingamizi la tatu ni la lugha, nami naliona ndilo zito zaidi. Ujumbe wa makosa uko kwa Kiingereza, na cha kifundi. Hata hivyo, mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden katika mradi wa Kilinux, ilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Hapakuwa na haja ya kumwomba mwenye mali ruhusa. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba menyu zinaweza kusema Kiswahili. Lakini menyu ni sehemu ndogo ya tatizo. Mtu aliyekwama hahitaji neno la Kiswahili la kufungua faili. Anahitaji maelezo ya Kiswahili ya nini cha kufanya diski inapogeuka ya kusoma tu. Maelezo hayo hayawezi kuandikwa Helsinki wala California. Yanaweza kuandikwa hapa, na mtu aliyeyaandika anaweza kuacha ujumbe wenyewe kama ulivyo kwa Kiingereza, neno kwa neno, kisha akaeleza maana yake na tiba yake kwa Kiswahili, ili mwenzake akiuona ujumbe uleule kwenye kioo aujue mara moja.

Pingamizi la nne ni la mafundi, na lina haki ya kusikilizwa. Fundi hulipwa kwa mashine inayotoka mezani. Kuhoji kunachukua muda, kupiga upya kunajulikana muda wake. Lakini hesabu hiyo inaacha mashine zinazorudi, inaacha data zilizopotea ambazo mteja hazisahau, na inaacha betri au waya ambavyo vingeuzwa kwa faida na kumaliza kazi kwa nusu saa. Wala sisemi kwamba kusakinisha upya ni haramu. Mfumo uliovurugwa sana, au uliovamiwa, unafaa kufutwa. Ninachodai ni mpangilio: kunakili data kwanza, kuhoji pili, kufuta mwisho. Na kuna kazi moja ambapo mfumo huria unaokoa muda wa fundi na wa mwenye steshenari waziwazi. Flashi za wateja zenye kirusi kinachoficha mafolda na kuweka njia za mkato, zikifunguliwa kwenye Linux, kirusi hicho kilichotungwa kwa ajili ya Windows hakijiendeshi, na faili zilizofichwa huonekana zikiwa salama. Hii haimaanishi kwamba Linux haipati virusi; inamaanisha kwamba kwa ugonjwa huu ni meza safi ya kufanyia upasuaji.

Kutokana na hayo yote nina mapendekezo matatu. Kwanza, kila maabara ya kompyuta shuleni na kila karakana iwe na flashi mbili za kuanzishia zilizohakikiwa, moja ya mfumo kamili na nyingine ya kupimia kumbukumbu. Gharama yake ni ndogo na hazihitaji mtandao baada ya kutengenezwa. Pili, kanuni iwe kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha kupima, maana aliyebadilisha vitu vitatu kwa pamoja hata akifaulu hajui kilichoponya. Tatu, liwepo daftari. Kwa kila mashine iandikwe dalili, ujumbe kama ulivyo, kilichobadilika kabla ya kosa, kilichojaribiwa, na matokeo, hata matokeo ya kushindwa. Daftari la mwaka mmoja la karakana moja ya Malampaka, likiwa na radi zetu, vumbi letu na mitumba yetu, litamfaa fundi wa Bariadi, Meatu na Itilima kuliko kitabu kilichoandikiwa mahali ambapo umeme haukatiki.

Walimu, nawaomba muwafundishe wanafunzi kusoma ujumbe wa kosa kabla ya kuufunga. Mafundi, nawaomba msifute mashine ya mtu kabla hamjaandika mistari mitatu ya ushahidi na kunakili data zake. Na wewe mwenye kompyuta nyumbani, ukimpelekea fundi, usimwambie tu kwamba imeharibika. Mwambie ilianza lini, ilikuwa ikifanya nini, na iliandika nini kwenye kioo. Ukifanya hivyo umemaliza nusu ya kazi kabla hujamlipa mtu.